Udongo wa Mfuko wa Uzi Mwekundu

Bigwa, Morogoro
Jumapili alasiri, 12 Januari

Zena mwanangu,

Wewe na mama yako mmekwenda sokoni kutafuta ndoo yenye mfuniko, nami nimekaa kibaraza cha nyuma na kujiapia kwamba barua hii haitaficha kitu. Nitakueleza yote: niliyoyaona, niliyoyakosea, na lile ninalokushuku. Nimelitaja hili la mwisho mapema ili usihangaike kulitafuta katikati ya mistari. Ninakushuku kuhusu udongo. Nataka kujua kama ule wa mfuko wenye uzi mwekundu ulitoka kweli shambani kwa bibi yako. Jumamosi ijayo nitasimama mbele ya ukoo mzima nikiwa na picha za udongo huo, na shamba lile litaachwa au litachomwa moto kutokana na nitakayosema.

Habari za sabuni, chandarua na soksi sitazigusa. Mama yako ameshazisema na atazirudia njia nzima mpaka shuleni kwako Dakawa.

Najua utacheka ukiona nimeandika "mwanangu". Nimekupita miaka sita tu. Lakini ulipoanza darasa la kwanza na mama yako akapata kazi Turiani kwenye miwa, mimi ndiye niliyekusuka nywele na kukusikiliza ukisoma, na bibi yako alipopanda mlimani kukaa na shamba lake tukabaki wawili humu ndani. Unakumbuka kikao cha wazazi, ulipokuwa darasa la tano? Nilitoka shuleni moja kwa moja, sijabadilisha hata sweta. Mwalimu mkuu akanitazama mlangoni.

"Mwanafunzi, umepotea? Sekondari iko ng'ambo ya barabara."

"Shikamoo, mwalimu. Sijapotea. Nimekuja kwenye kikao."

"Mzazi wako yuko wapi?"

"Mzazi ni mimi."

Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Siku hizi wanazaa wakiwa na sare!" Darasa zima likacheka, na mimi nikatamani sakafu inimeze. Ndipo mama mmoja mwenye kilemba cha kijani akageuka akasema, "Mwacheni mtoto wa watu akae. Kwetu mama mdogo ni mama. Aliyeweka desturi hiyo hakuuliza umri." Nikakaa, nikaandika kila kilichosemwa, hata habari za choo cha walimu.

Tangu siku hiyo nimekuwa mama wa kukagua. Nilihesabu vipande vya sukari guru, nilinusa madaftari yako kujua kama umeyafungua au umeyabeba tu. Sikujua njia nyingine ya kulea. Nilidhani mtu mzima ni yule asiyedanganyika.

Sasa nikueleze vizuri habari za ile kamera, maana wakati ule nilikuwa narudi nimechoka, na wewe ukiniuliza nakujibu kwa mkato. Ilikuwa maabara ya chuo kikuu. Mwalimu mmoja wa chuo, sisi tulimwita Dokta tu, alialika klabu yetu ya sayansi tumsaidie kuchunguza jinsi tone la mvua linavyopiga udongo. Kamera yenyewe ilikuwa ya kuazima, na mwezi Desemba ilirudi kwa wenyewe nje ya nchi. Inapiga picha maelfu ndani ya sekunde moja. Ukizitazama moja baada ya nyingine, jambo lililokwisha kabla hujapepesa jicho linachukua muda wa kunywa kikombe kizima cha chai.

Tulitundika mpira wa dripu kwenye boriti, chini yake tukaweka sahani ya maji, nyuma tukatandaza baibui kuukuu la mama yake rafiki yangu Nasreen ili matone yaonekane vizuri kwenye weusi. Taa zilikuwa kali mno, tukikaa karibu tunatoka jasho. Na tone, Zena, halifanani kabisa na lile tunalochora. Halina mkia. Linashuka kama andazi linalotetemeka, limebonyea chini. Likigusa maji linalala bapa, kisha ukingo mwembamba unanyanyuka pande zote kama ua la boga linapofunguka asubuhi, na kila ncha ya ua inaachia kitone chake kidogo. Miaka yote mvua inatunyeshea, na kila tone linafanya hivyo, na hakuna aliyewahi kutuambia.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hubonyezi kabla. Hakuna mkono unaoweza kuwahi. Kamera inapiga muda wote, inafuta ya zamani na kushika ya karibuni, na wewe unabonyeza baada ya tone kuanguka. Ndipo inakuhifadhia kilichokwisha kupita.

Nikamwambia Dokta, "Laiti na sisi tungekuwa hivyo."

"Sekunde mbili tu, Mwajuma," akasema. "Ukizubaa zaidi ya hapo, imeshafuta."

Nasreen unamjua, yule ambaye baba yake ana duka la mabomba na vifaa vya ujenzi mjini, aliyekuwa akikutumia pipi za ndimu. Nilimfanyia ubaya, na sijawahi kukusimulia. Picha zetu za mwanzo zilitoka na kasoro. Kadhaa zina mwanga mzuri, zinazofuata zinafifia mpaka giza, kisha mwanga unarudi, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikaamua kuna mtu amezichezea. Na nani mwingine? Nasreen ndiye aliyekaa kwenye kompyuta, ndiye aliyezihamishia kwenye flashi yake, na alitoka nje kupokea simu akakawia. Nilikuwa nimekwisha kumhukumu hata kabla hajarudi kwenye kiti. Nikangoja Dokta aingie, wenzetu wote wapo, ndipo nikasema, "Kuna mtu amechezea picha zetu."

"Mtu gani?" Nasreen akauliza.

"Mwenye flashi anajijua."

"Ah! Yaani mimi nikuibie matone ya maji, Mwajuma? Baba yangu anauza mabomba. Nyumbani maji yanatosha."

Walicheka mpaka mmoja akapiga meza. Dokta hakucheka. Alichukua kalamu nyeupe akanipa, akaniambia niipunge haraka mbele ya lile baibui, chini ya taa.

"Unaona nini?"

Nikapunga. Sikuona kalamu moja inayopita. Niliona kalamu nyingi zimejipanga kama meno ya kitana, na katikati yake giza.

"Hiyo ndiyo kasoro yako," Dokta akasema. "Umeme wa ukutani hauwashi taa hii mfululizo. Inawaka na kufifia, inawaka na kufifia, haraka mno. Jicho linaunganisha. Kamera haiunganishi."

Kesho yake Nasreen alikuja na taa ya kutumia betri ya pikipiki kutoka dukani kwao. Giza likaisha. Hakudai nimwombe radhi. Alinyoosha tu mkono wenye flashi mbele ya pua yangu, akasema, "Hii hapa. Utaikagua sasa hivi au baada ya chai?" Nikaomba radhi. Akasema sawa, lakini mpaka leo akiniona nimekunja uso ananiuliza kama nimepoteza tone.

Nilichokipata pale si kwamba kushuku ni kubaya. Dokta mwenyewe anashuku kuliko mimi. Anapima mara tatu kitu ambacho mimi ningekiamini mara moja. Ila yeye alianza na taa, mimi nilianza na mtu.

Ulipokuwa ukisikia ugomvi wa bibi yako na Babu Kibwana ulikuwa unakimbilia nje, kwa hiyo nauandika hapa ujue ulikuwa wa nini. Ardhi yetu inakwenda kwa upande wa mama, lakini mwenye neno la mwisho juu yake ni mjomba, na mjomba wangu ni yeye Babu Kibwana. Anataka lile shamba la juu lichomwe kabla ya masika, lipandwe maharage. Bibi yako ameliachia majani miaka yote, anayafyeka na kuyalaza hapo hapo.

"Dada, majani haya unayalea kama wajukuu," babu alimwambia mwezi ule wa kumi. "Choma! Mjini wanalilia maharage."

"Ukichoma, mvua ya kwanza itawapelekea watu wa bondeni udongo wote. Utapanda maharage kwenye mwamba?"

"Wazee wetu walichoma. Mlima si huu uko palepale?"

"Wazee wetu walikuwa wachache, wakichoma wanahama, pori linapumzika. Wewe ukishachoma utahamia wapi, Kibwana? Kwenye mnara wa simu?"

Hapo mimi nikaingilia, na labda nisingeingilia. Nikasema maabara yetu inaweza kuonyesha udongo upi unashika na upi unakimbia. Babu Kibwana akanitazama juu mpaka chini. "Nikiona kwa macho yangu, nitanyamaza," akasema. Jioni bibi yako alinipa mayai ya kuja nayo mjini, na najua anavyoyabania mayai yake.

Ndiyo maana nilikutuma wewe. Ilikuwa nipande mwenyewe, lakini Jumamosi ile nilikuwa na homa, na Jumatatu ilikuwa zamu yetu ya kamera. Nilikupa mifuko miwili ya kaki. Wa uzi mweusi ujae udongo wa ule mteremko wa jirani uliochomwa, pale chini kabla ya kuvuka kijito. Wa uzi mwekundu ujae udongo wa shamba la bibi, kule juu, chini ya majani, uchimbe kina cha kiganja. Nikakusemesha mara mbili. Ukarudia kama sala. Ukaondoka.

Nami nikateleka maharage. Ulirudi hayajaiva.

Yalikuwa maharage ya zamani, yanakawia, hilo nalijua. Lakini je, kukawia kwake kunanipunguzia wasiwasi au hapana? Nimelipindua hili kichwani mpaka limelainika kuliko maharage yenyewe. Uliingia kwa mlango wa nyuma, ukaweka mifuko juu ya mkeka.

"Umerudi mara hii?"

"Nimekimbia, Mamdogo."

"Kupanda au kushuka?"

"Vyote."

"Bibi anasemaje?"

"Hakuwepo. Yuko msibani."

"Na viatu mbona visafi?"

"Nilivivua, nikapanda peku. Mamdogo, wewe ungesomea upolisi bwana. Fizikia unapoteza muda."

Nikacheka. Homa ilikuwa inaniwasha mwili, na jibu lako lilikuwa zuri, nikacheka na kulala. Baadaye nikafikiri: habari za ule msiba zilikuwa zimefika hata huku Bigwa asubuhi ile, jirani alipita akizisema dirishani. Ungeweza kujua bibi hayupo bila kufika. Lakini pia ungeweza kujua kwa kufika na kukuta mlango umefungwa. Unaona ninavyoteseka? Kila ushahidi nilionao una miguu miwili, kila mguu unaelekea kwake.

Jumatatu tuliweka udongo kwenye sahani mbili, tukaziinamisha kama mteremko wa mlima. Tone likaanguka kwenye ule wa uzi mweusi. Ua likafunguka, na ndani ya ua zikaruka chembe za udongo, nyingi, nyingine zikatua nje kabisa ya sahani, upande wa chini. Tone moja tu. Kisha tukaweka ule wa uzi mwekundu. Tone likalala bapa, likatetemeka, likazama. Chembe chache zilinyanyuka na kurudi palepale zilipotoka. Tukarudia mara nyingi, majibu hayakubadilika. Nasreen akapiga makofi, nami nikafikiria uso wa bibi yako.

Babu Kibwana nilimwonyesha kwenye simu, nyumbani kwake, amekaa kwenye kigoda. Aliisogeza simu mpaka karibu na pua.

"Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Nikarudia. "Huyu anatema," akasema akionyesha mmoja kwa kidole, "huyu anameza."

"Ndiyo, mjomba."

"Huyu anayemeza ndiye wa dada yangu?"

"Ndiye."

Nilisema "ndiye", Zena. Sikusema "nimeambiwa ndiye".

Akanirudishia simu, akasema moto usubiri, lakini ukoo mzima lazima uone picha hizo na kukata shauri kabla ya masika. Siku yenyewe ndiyo Jumamosi hii inayokuja.

Wiki iliyopita nilizipitia picha upya ili nijiandae kueleza. Nilizipitisha polepole sana, picha moja moja. Katika ule udongo wa uzi mweusi, chembe zinaporuka, kuna vimulimuli. Vitu vidogo vinapogeukia taa vinameta, vinazimika, vinameta tena. Ni ulanga. Unaujua vizuri, ndio ule unaong'aa kwenye udongo wa mlimani, tuliokuwa tunajipaka mashavuni kwa bibi tukijiita maharusi, mpaka akatukimbiza na mwiko. Udongo wa kwa bibi wote una ulanga. Lakini katika picha za uzi mwekundu sikuona hata kimeto kimoja.

Nataka kukuambia kwamba niliona hilo wiki iliyopita tu. Nimeapa kutoficha, basi siwezi. Mwezi Novemba nilizitazama picha hizi mara kwa mara, na kuna siku nilijiuliza mbona huu haumeti. Wazo likanijia, nikalifungulia mlango wa pili likatoka. Picha zilizonikera zilinifanya nimshuku rafiki yangu mbele ya watu. Picha zilizonifurahisha sikuzishuku hata kidogo. Nilimkagua kila mtu, nikaliacha jibu nililolipenda lipite bila kukaguliwa.

Kutoka hapa kibarazani naiona migomba yetu. Udongo wake ni mweusi, laini, umelishwa maganda na maji ya vyombo miaka mingi, na hauna ulanga. Nao ungemeza tone. Pale kwenye mgomba wa mwisho pana kishimo, nimekitazama tangu nilipoanza kuandika. Lakini na hawa kuku wa jirani wanachimba kila mahali, na sasa hivi mmoja yumo humo humo anajitimulia vumbi kana kwamba ananicheka.

Nilifanya kama Dokta, nikaanza na vitu kwanza. Alhamisi nilipanda. Wewe nilikuambia nakwenda kwa Nasreen, huo nao ni uongo, nakurudishia sasa. Nilifika shambani nikafunua majani, nikachimba kina cha kiganja. Udongo wa chini ya majani ni mweusi, Zena, mweusi karibu kama wa migombani. Nikaupondaponda kwenye kiganja juani. Ukameta kidogo. Vimeto viwili vitatu, basi. Pengine tone likianguka pembeni yake halikigusi hata kimoja. Kwa hiyo nilipanda nikiwa na shaka nikashuka nayo, na kamera ya kuimaliza haipo tena.

Bibi yako alinikuta nimepiga magoti.

"Wewe Mwajuma! Unachimbua nini, nimezika mtu?"

"Shikamoo, mama. Natazama udongo tu."

"Marahaba. Mbona una sura ya karani wa mahakama?"

Nikamuuliza kama alikuona siku ile. Akasema alikuwa msibani, angekuonaje. Akauliza umeharibu nini. Nikasema hujaharibu kitu. Akanitazama hivi mpaka nikamweleza yote, ulanga, maharage, viatu. Alisikiliza huku anafyeka. Nilipomaliza akasema, "Kama si udongo wangu, usiupeleke."

"Na wakichoma, mama?"

"Watachoma. Lakini sitaki shamba langu litetewe na udongo wa watu." Akafyeka tena kidogo. "Mtoto muulize. Usimbane. Ukimbana atakupa jibu unalolitaka, utakuwa huna kitu tena."

Kwa hiyo ninakuuliza kwa barua. Kwa mdomo nimejaribu mara mbili wiki hii, jana ulipokuwa unakunja shuka na leo asubuhi kwenye chai, na mara zote mbili nilisikia sauti yangu ikibadilika kabla sijafika kwenye neno lenyewe, ile sauti ya kuhesabu sukari guru. Nawe ukainua mabega. Nimekufundisha mwenyewe kuinua mabega hivyo. Mtoto anayekaguliwa kila siku hujifunza kujibu vizuri kabla ya kujifunza kusema kweli. Hilo ni langu, si lako.

Na kuna jambo jingine ambalo nililifikiria nikiwa nashuka Alhamisi. Pale juu ya kijito, njia inapobana kwenye korongo, mawe yalikuwa yameteleza, na mbwa wawili wa yule mchoma mkaa walinifuata wakibweka mpaka nikaokota fimbo. Mimi ni mtu mzima, na niliogopa. Siku ile nilikutuma ukiwa peke yako. Nilikuuliza habari za kina cha kiganja na rangi ya uzi. Sikukuuliza kama unaogopa kupita pale. Kama ulifika kwenye kijito, ukajaza mfuko mweusi, ukasikia mbwa na ukageuka, ningelielewa hilo hata bila kamera. Sikuandikii haya ili nikupe kisingizio cha kuchukua. Kama ulifika juu, usikiguse.

Sasa nikuambie nitakachofanya, ili usipime jibu lako kwa kuogopa matokeo yake. Ukiniambia udongo ni wa shambani, nitawaonyesha picha na nitasema pia kwamba ulanga haukuonekana, na sababu ninayoifikiria. Ukiniambia sio, nitasimama mbele yao niseme picha za uzi mwekundu hazihusiki, niliwaambia kabla ya kuhakikisha. Babu Kibwana atakasirika, na huenda kiberiti kikawashwa siku hiyo hiyo. Nitawaomba wangoje mvua chache. Dokta ameniambia inawezekana kupima bila kamera: unasimamisha mbao mbili zilizovikwa kitambaa cheupe, moja kando ya udongo wenye majani, nyingine kando ya uliochomwa, mvua ikinyesha unatazama kitambaa kipi kimechafuka mpaka juu. Kitambaa kila mtu atakiona, hata mwenye macho mabovu. Nasreen amesema mbao atazitoa dukani kwao, mradi nisimkague. Sijui kama ukoo utakubali kungoja. Nina matumaini kidogo, siyasemi kwa sauti.

Nasikia mama yako anacheka barabarani, basi ndoo imepatikana. Barua hii nitaiweka ndani ya daftari lako la juu kabisa, uione ukifungua sanduku. Mama yako atakuwa nawe Dakawa mpaka usajili uishe, kisha atarudi kulala hapa, likizo yake haijaisha. Mpe jibu aniletee. Usiandike kurasa. Nyuma ya karatasi hii pana nafasi ya kutosha, na sitakagua mwandiko. Mimi mama yako mdogo, Mwajuma, niliyekulea kwa kushuku kwa sababu ndiyo njia niliyoijua, nakuuliza mara moja tu, na utakachoandika ndicho nitakachokwenda kusema: siku ile, Zena, ulifika shambani?